Chai ya Matunda na Saa ya Kuimwaga

Rwanda inajulikana kwa milima yake na baridi ya asubuhi, lakini kusini-magharibi, katika wilaya ya Rusizi, liko bonde la Bugarama, ambamo Muganza imekaa kati ya mashamba ya mpunga yanayonyweshwa na mto Rubyiro na kiwanda cha saruji cha CIMERWA. Na kwa kuwa bonde hilo liko takriban mita 1,000 tu juu ya usawa wa bahari, na mto Rusizi unaopita ubavuni mwake ndio mahali pa chini kabisa pa nchi nzima, kiangazi kinapoingia, tangu Juni hata Agosti, wenyeji huona joto ambalo jamaa zao wa milimani hulisikia kwa masimulizi. Ni huko milimani, Shagasha, ndiko yanakochumwa majani ya chai, zao lililoingia Rwanda mwaka 1952, nayo huteremshwa bondeni kwa watu ambao adhuhuri ya Julai hawana hamu hata kidogo ya kukipuliza kikombe cha moto.

Kwa hiyo huipoza, na kuipoza kwenyewe ni kazi yenye adabu zake. Maji yakisha kuchemka huepuliwa, majani yakatiwa na kufunikwa dakika nne au tano wala si zaidi, maana yakikawia hutoa uchungu ule unaokausha ulimi; huchujwa, sukari ikatiwa chai ingali moto ipate kuyeyuka; kisha huachwa itulie yenyewe, kwa kuwa ikipozwa kwa pupa hupiga ukungu na kupoteza mng'ao wake. Ndipo hutiwa marakuja yaliyokamuliwa, au nanasi lililopondwa, au embe msimu wake ukifika, pamoja na ndimu kidogo, ambayo papo hapo huigeuza ile rangi nzito ikawa ya asali. Mwenye jokofu huiweka jokofuni. Asiye nalo huitia mtungini, maana mtungi wa udongo hutoa jasho, na jasho hilo likikauka huondoka na joto la kilichomo ndani. Mtu asidhani kuwa starehe hii ni upuuzi usiostahili kalamu: imepokewa na Tirmidhi kwamba kinywaji alichokipenda zaidi Mtume (s.a.w.) kilikuwa kile kilicho kitamu na baridi, na kwamba katika neema za mwanzo atakazoulizwa mja Siku ya Kiyama ni maji baridi aliyonyweshwa.

Lakini matunda hayaingii jikoni peke yake. Juu ya ganda la nanasi na la embe hukaa hamira ya asili isiyoonekana kwa jicho, ambayo ikikutana na sukari, maji na joto haingoji kuamriwa na mtu. Saa za kwanza hakuna dalili. Kesho yake, ikiwa jagi limelala mezani, povu jembamba hujikusanya ukingoni, vipande vya nanasi vilivyokuwa vimezama vimepanda juu, na anayefungua chupa iliyozibwa husikia pumzi ikiitoka kama mtu aliyebanwa kifua. Chai ile ile, ya mikono ile ile, imeshika njia ambayo majirani waijua barabara. Kwani Wanyarwanda hukamua ndizi mbivu zikawa umutobe, sharubati tamu anayonyweshwa hata mtoto, na umutobe huo huo, ukitiwa unga wa mtama na kuachwa siku chache, huwa urwagwa, ambao ni pombe bila ya shaka. Suala basi ni hili: kitu kilichokuwa halali jana jioni, kisichoongezwa neno wala kuguswa na mkono, kwa njia gani huwa haramu leo, na ni nani mwenye dhima ya kuijua saa yenyewe?

Waislamu wa bonde hilo, ambao Kiswahili kwao ni lugha ya soko na ya darsa pia, hawana haja ya kubuni jawabu, kwa sababu suala hili liliulizwa Madina kabla ya chai kujulikana huko. Katika Sahihi ya Muslim imepokewa kwa njia ya Ibn Abbas kwamba Mtume alikuwa akirowekewa zabibu katika maji, naye akinywa siku ile, na ya pili, na ya tatu hata jioni, kisha kilichosalia ama alimnywesha mtumishi ama aliamrisha kimwagwe. Ilhali kwa njia ya Bibi Aisha imepokewa kwamba kilichorowekwa asubuhi alikinywa jioni, na kilichorowekwa jioni alikinywa asubuhi. Siku tatu kwa riwaya moja, nusu siku kwa nyingine! Imamu Nawawi, mwanachuoni wa Sham aliyefariki mwaka 1277 na ambaye vitabu vyake ni nguzo ya madhehebu ya Shafi, alizipatanisha riwaya hizi kwa maelezo ambayo mtu wa Muganza ayafahamu bila mwalimu: huenda ile ya Bibi Aisha ilikuwa katika majira ya joto, ambapo kuharibika hakukawii, na ile ya Ibn Abbas katika majira ya salama. Yaani hali ya hewa imeingia katika sheria, na mama wa bondeni na dada yake aliye Shagasha, wakitumia majani ya shamba moja na nanasi la soko moja, hawana muda mmoja.

Kuna na jambo la pili, ambalo wapishi wa sharubati hawalipendi. Mtume alikataza kuroweka pamoja tende na zabibu, au tende mbivu na zile zisizoiva vema, na mafakihi waliofuata wakauliza sababu. Nawawi asema kwamba mchanganyiko huharakisha ulevi kabla ladha haijabadilika, hata mnywaji akadhani kinywaji kingali salama na kumbe kimekwisha geuka. Kwa ajili hiyo yeye na wengi wa wanavyuoni wakahesabu kuchanganya kuwa makuruhu, si haramu, maadamu hakijalevya, na Abu Hanifa hakuona ubaya wowote. Nakiri kwamba sikutarajia kukuta fikira ya namna hii mahali pale. Kinachohofiwa si marakuja kukutana na embe katika jagi moja, bali ni ulimi kunyang'anywa ushahidi wake. Na mwenye kuijaza chai yake sukari na mdalasini ili kufunika ukali ulioanza amefanya kwa kusudi lile ambalo mchanganyiko hulifanya kwa tabia.

Vyombo navyo vilipata hukumu kwa sababu iyo hiyo. Wajumbe wa kabila la Abdul-Qays walipofika Madina walikatazwa kuroweka vinywaji vyao katika vibuyu, mitungi iliyopakwa rangi, magogo yaliyochimbwa na vyombo vilivyopakwa lami, kwa kuwa ndani ya hivyo kinywaji hugeuka kwa siri, ilhali kiriba cha ngozi huvimba na hata kupasuka, kikamsema mwenyewe. Baadaye katazo la vyombo liliondolewa, likabaki la kilevi peke yake. Lakini hekima yake haikuondoka. Chupa ya plastiki inayouzwa leo katika kila duka la Bugarama ni shahidi mwema kuliko kibuyu, kwa sababu ikishikwa kwa kidole gumba huonekana imekaza, na iliyokaza haina haja ya mufti.

Yote haya yanatuelekeza kwenye jambo ambalo watu wengi, hata wacha Mungu, hulipita haraka. Tumezoea kuigawa dunia katika mafungu mawili, hiki halali na kile haramu, kana kwamba hukumu ni rangi iliyopakwa juu ya kitu tangu kiumbwe. Walakini hukumu hufuata sifa, na sifa huja na kuondoka. Maji ya zabibu ni halali. Yakichacha na kulevya ni haramu. Yakiachwa yakageuka siki yenyewe, bila ya mtu kutia kitu, madhehebu ya Shafi yanayaona ni tohara, yamerudi katika meza ya Muislamu. Walioitazama kahawa kwa jina na kwa sura ya mikusanyiko yake waliipiga marufuku Makka mwaka 1511, kwa amri ya Kha'ir Bey, na haikuchukua muda mrefu Kairo ikaitengua, kwa kuwa kahawa ilimfanya mtu akeshe wala haikumlevya. Usingizi kukimbia si akili kukimbia, na chai nayo imo katika fungu hilo.

Husalia mzozo wa israfu, ambao ndio mgumu hasa. Ramadhani za 2014, 2015 na 2016 zilipoangukia Juni na Julai, kila mwenye nyumba katika bonde hilo alijua uzito wa jagi linalobaki nusu baada ya futari: kumwaga neema ya Mungu ni dhambi ya aina moja, na kuinywesha familia kitu chenye shaka ni ya aina nyingine. Hapa Nawawi anasaidia tena. Ile riwaya ya kumnywesha mtumishi au kumwaga, asema, si hiari ya mtu kupenda: kisichoonyesha dalili ya kubadilika hupewa mtumishi kwa sababu kumwaga kungekuwa kupoteza mali, na kilichoonyesha dalili humwagwa kwa sababu kimeondoka katika mali yenye thamani. Nasi wa leo tungependa mtumishi atajwe kwa upole zaidi. Hata hivyo maana ni wazi, kwamba alichopewa kilikuwa kingali kizuri, wala hakufanywa yeye kuwa pipa la kilichoharibika.

Jawabu langu basi kwa mwenye jagi wa Muganza ni hili. Achanganye matunda akipenda, ila ajue amejifupishia muda. Aioshe ngozi ya tunda kabla ya kulikata, atie matunda chai ikisha kupoa, na asitengeneze zaidi ya inayonywewa jioni ile. Iliyo jokofuni na ingoje kesho, iliyo mtungini isingoje. Ikibaki safi usiku, apelekewe jirani usiku huo huo, wala isiwekwe hadi asubuhi ndipo ifanywe sadaka. Na akikuta povu ukingoni, au chupa imekaza, asiionje ili kuhakikisha: aimwage, wala asijihesabu kuwa ameisarifu neema vibaya.