Nyumba Njema si Mlango

Toka kwenye barabara kuu karibu popote Marekani, iwe Ohio, iwe Texas, na utakutana na mabango yaleyale: McDonald's, Shell, Walmart. Ukiamshwa hapo usingizini, huwezi kujua uko jimbo gani. Wamarekani wengi hulalamika kwamba miji yao imepoteza sura. Poa, lakini kabla hatujalia nao, tuulize: kwani huu ufanano ulianzaje?

Mwaka 1951, Kemmons Wilson, mfanyabiashara wa Memphis, alisafiri na familia yake kwa gari. Pa kulala palikuwa kama kamari: huku pachafu, kule ghali, na watoto wanalipishwa juu ya hayo. Mwaka uliofuata akafungua Holiday Inn ya kwanza. Mwaka 1956 Rais Eisenhower akatia saini sheria ya kujenga barabara kuu za nchi nzima, na biashara za aina hiyo zikasambaa nazo. Kumbe ufanano ulianza kama ahadi kwa mgeni: ukifika, unajua utakachokuta.

Na mgeni alikuwa na sababu ya kuitaka ahadi hiyo. Miji mingi yenye sura yake ilikuwa pia na desturi zake, na mojawapo ilikuwa kumfungia mtu Mweusi mlango. Ndiyo maana mwaka 1936 Victor Hugo Green, mpeleka barua aliyeishi Harlem, alianza kuchapisha kitabu cha kuwaonyesha wasafiri Weusi mahali wangeweza kula na kulala bila kufedheheshwa. Mtu aliyekosa pa kulala hawezi kukaa akisifia uzuri wa majengo ya kale.

Lakini usidhani kampuni za matawi ndizo zilizokuwa mkombozi. Oktoba 1957, miezi michache baada ya Ghana kupata uhuru, waziri wake wa fedha, Komla Gbedemah, aliingia mkahawa wa Howard Johnson's huko Dover, Delaware, akaagiza maji ya machungwa. Akaambiwa hawezi kukaa mle ndani kwa sababu ya rangi yake. Paa lilifanana na la matawi mengine, ila ahadi haikuwa ya wote. Eisenhower alimwalika kwa kiamshakinywa Ikulu. Wasiokuwa mawaziri walingoja sheria ya 1964.

Basi sura pekee haitupi jibu, na hata sura ya kipekee inaweza kuwa vazi tu. Leavenworth, mji mdogo wa milimani katika jimbo la Washington, ulikuwa unakufa baada ya kupoteza reli na kazi za mbao. Miaka ya 1960 wenyeji wakaamua kuugeuza ufanane na kijiji cha Ujerumani ili uvutie watalii. Ati ni feki? Kwa sura, ndiyo. Lakini waliokaa na kuamua ni wenyeji wenyewe.

Linganisha na Kimball, West Virginia, kwenye eneo la makaa ya mawe. Januari 2016 Walmart ilitangaza kufunga maduka 154 nchini Marekani, na la Kimball likawemo. Watu walipoteza kazi na mahali pa kununua chakula. Uamuzi ulifanywa mbali, na pale mjini hapakuwa na mtu wa kuuliza, "Jamani, mbona?"

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Kwangu mji una maswali mawili: nani anaamua mambo yake, na mgeni anapokewaje? Mji wenye majengo ya kuvutia unaweza kushindwa yote mawili. Na mji wa mabango yaleyale unaweza kuwa mahali hasa, mradi wanaouishi wana sauti, na anayepita ana kiti.