Kumvizia Mgonjwa

Mwaka 2018 jarida la mtandaoni la The Hairpin, lililoanzishwa Marekani mwaka 2010 na kuandikwa zaidi na wanawake, lilifunga. Wenyewe walipokuja kuliachia jina la tovuti, mfanyabiashara mmoja wa Serbia akalichukua. Januari 2024 waandishi wa Wired walikwenda kutazama kinachoendelea pale, wakakuta tovuti imejaa makala zilizotungwa na akili mnemba. Baadhi ya makala za zamani zilizopendwa na wasomaji zilikuwa bado zipo, ila majina ya wanawake walioziandika yalikuwa yameondolewa na mahali pake pamewekwa majina ya wanaume.

Hakuna mlango uliovunjwa. Jina liliachwa, mtu akalilipia, likawa lake kwa utaratibu uleule ambao mimi na wewe tungeutumia. Ndiyo maana kisa hiki kinanikera kuliko visa vya wadukuzi. Mdukuzi tunajua jina lake ni mwizi. Huyu tumwiteje?

Kwanza tuelewe kinachouzwa. Kwa Kiswahili anwani hizi za tovuti tumeziita vikoa, na sijui kama waliolichagua neno hilo walifikiria maana yake ya zamani, ile ya kula kikoa, watu wanapopika na kula pamoja kwa zamu: leo kwako, kesho kwangu. Kama hawakufikiria, basi wamebahatisha vizuri. Kikoa hakimilikiwi, hushikwa kwa zamu. Jina linaloishia na .com hulipiwa mwaka mmoja hadi kumi kwa mkupuo, na zaidi ya hapo hata tajiri haruhusiwi. Muda ukiisha bila malipo, msajili anaweza kukupa nafasi ya siku kadhaa, hadi 45. Jina likifutwa ndani ya muda huo, huja siku 30 za ukombozi, ambapo mwenye jina bado anaweza kulirudisha kwa faini inayozidi ada ya mwaka mara kadhaa. Baada ya hapo kuna siku 5 ambazo hakuna awezaye kuligusa, hata mwenyewe akija na gunia la fedha. Kisha jina linaanguka.

Linapoanguka halifiki chini. Ziko kampuni ambazo kazi yake ni kudaka. Mteja huweka oda mapema, pengine jina likiwa bado hai na mwenyewe analitumia, na siku ya kuanguka mashine za kampuni hizo hugonga mlango wa Verisign, inayotunza daftari kuu la .com, mara nyingi ndani ya sekunde moja. Kwa kuwa kila msajili aliyeidhinishwa hupewa idadi maalumu ya njia za kugongea mlango huo, kampuni za kudaka zimejisajili mara mamia, kampuni moja chini ya majina mengi, ili ziwe na mikono mingi. Wakiwa wateja wawili au zaidi wameliwekea oda jina lilelile, linapigwa mnada baina yao. Fedha za mnada huenda kwa aliyedaka. Yule aliyelijenga jina kwa miaka kumi na tano hapati hata shilingi. Na wasajili wengi wakubwa hawangoji hata lianguke: jina likishapitisha tarehe, hulinadi wao wenyewe kabla halijafika sokoni.

Anayetetea biashara hii ana hoja, na si hoja dhaifu. Tangu mwaka 2013 kanuni za ICANN, shirika linalosimamia majina haya duniani, zinamtaka msajili amwarifu mwenye jina mara mbili kabla ya muda kuisha, takriban mwezi mmoja na wiki moja kabla, na mara nyingine ndani ya siku 5 baada ya kuisha. Mtu ameambiwa mara tatu, akanyamaza. Mali bila daftari hupotea bila habari, wazee walishasema. Tena fikiria mtu mwenye duka la mikate ambaye jina analolitaka limeshikwa miaka kumi na mlanguzi asiyelitumia kwa lolote, anangoja tu apatikane wa kumkamua. Mlanguzi huyo akisahau kulipa na mwoka mikate akalidaka, nani atamlilia mlanguzi? Mimi simlilii.

Ila ukimya una sababu nyingi. Barua hizo tatu huenda kwa anwani ya baruapepe, na anwani hiyo mara nyingi ni ya yule kijana aliyewatengenezea tovuti mwaka ule, ambaye sasa yuko kazi nyingine, mji mwingine. Au ni ya mhazini aliyefariki. Au kadi ya benki iliyounganishwa imeisha muda. Kwa kikundi kidogo cha akina mama, kwa shule, kwa jarida la wanafunzi, kunyamaza si kusema nimeacha. Soko linahesabu yote mawili kuwa kitu kimoja kwa sababu mashine haina namna ya kuuliza, nasi tumeizoea lugha ya mashine hadi tunasema jina “limeachwa” pale ambapo ukweli ni kwamba halikulipiwa.

Sheria ya Kiislamu, ambayo pwani yetu imeishi nayo karne nyingi, ina milango miwili ambayo ingetufaa hapa. Mmoja ni wa ardhi mfu: anayelifyeka na kulihuisha pori lisilo na mwenyewe, limekuwa lake kwa jasho lake. Mwingine ni wa kitu kilichookotwa. Ukikuta mfuko wa fedha njiani, huwi mwenye mfuko. Unaangalia alama zake, unatangaza kwa mwaka mzima, na mwenyewe akitokea na kuzitaja alama zile unamrudishia. Ukitazama utaona kwamba tofauti ya milango hii si bei ya kitu. Tofauti ni kama kitu kile bado kina alama ya mtu.

Sasa kikoa kilichoanguka kiingie mlango upi? Nadhani kosa letu ni kudhani kinachoanguka ni kitu kimoja. Zile herufi zenyewe ni pori. Mwenye kuzifanyia kazi azichukue. Lakini herufi haziji peke yake. Zinakuja na viungo ambavyo watu wengine waliviweka kwenye kurasa zao wakimwelekeza msomaji kwa mtu waliyemwamini, zinakuja na mazoea ya vidole vya watu, na zinakuja na barua. Mwaka 2018 mtafiti wa usalama Gabor Szathmari alisajili upya vikoa vilivyoachwa na kampuni za mawakili nchini Australia, akawasha tu sanduku la barua na kungoja. Barua zikaja: nyaraka za siri zilizokusudiwa kwa mawakili ambao tayari walikuwa wamehamia ofisi nyingine au wameungana na wengine. Mwaka 2024 watafiti wa watchTowr walilipa dola 20 kwa kikoa kimoja kilichokwisha muda, kilichokuwa kikitumiwa na daftari la majina ya .mobi, wakashuhudia mitambo zaidi ya laki moja, ya serikali ikiwemo, ikiendelea kukiuliza maswali na kuyapokea majibu kana kwamba mwenye nyumba hajahama.

Hizo ndizo fedha za mfuko uliookotwa. Dola 20 zilinunua herufi. Imani ya ile mitambo haikuuzwa na mtu yeyote, kwa sababu haikuwa ya mtu yeyote kuiuza.

Na hapa ndipo bei za minada zinaposema ukweli ambao wadakaji hawapendi kuusema. Jina la ovyo lenye viungo vingi vya zamani huuzwa ghali kuliko jina zuri ambalo halijawahi kutumika. Mnunuzi halipii neno. Analipia heshima ya marehemu, ili mitambo ya kutafutia iendelee kumpa nafasi ya mbele na wasomaji waingie kabla hawajashtuka. Aliyelichukua The Hairpin angeweza kupata jina jipya kabisa kwa dola chache, makala zake zikawa zilezile. Hakulitaka, maana jina jipya halimjui mtu.

Katika familia nyingi za huku kwetu mtoto hupewa jina la babu aliyekufa, na bibi humwita mjukuu huyo mume wangu, watu wakacheka. Utani huo una uzito wake. Mtoto amepewa salamu ambazo hakuzitafuta, na taratibu anafundishwa kuzijibu: yuko mzee atakayemsimamisha njiani kumwambia babu yako alinisaidia. Hatarajiwi kuwa babu. Hatarajiwi pia kumwambia mzee kwamba yeye ndiye babu, amkopeshe fedha. Kati ya mambo hayo mawili kuna nafasi kubwa ya kuishi na jina la mtu bila kumwibia, na wajina wote tunaowafahamu wanaishi humo bila kusoma falsafa.

Wakati wa Krismasi ya 1999 Microsoft ilisahau kulilipia passport.com, na watumiaji wengi wa Hotmail wakashindwa kufungua barua zao. Mtengeneza programu mmoja, Michael Chaney, alitoa dola 35 kwa kadi yake, akalipa deni lile, huduma ikarudi. Hakulichukua jina. Kisa hiki husimuliwa kama kichekesho, na kweli kinachekesha, lakini hunifanya niwaze jinsi wema unavyojua kuchagua anwani. Kampuni tajiri kuliko karibu zote wakati ule ilipata jirani wa kuilipia. Kikundi cha akina mama kikisahau, anayekigongea mlango ni dalali anayewauzia jina lao kwa bei ya mwaka mzima wa michango.

Kuna swali moja ambalo bado silioni mwisho wake: lile la oda inayowekwa mapema. Kungoja si dhambi. Watu hungoja chumba kiachwe wazi, hungoja nafasi ya kazi, na mwoka mikate wangu anangoja mlanguzi asahau. Lakini oda ikishawekwa, mtu anakuwa na faida katika usahaulifu wa mwenzake, na anajua jambo ambalo mwenzake halijui: kwamba tarehe imepita, kwamba siku 30 zinahesabika. Tovuti ikiwa bado ina namba ya simu chini ya ukurasa wa mwisho, mdakaji ameiona, kwa sababu ameitazama tovuti hiyo kuliko mtu mwingine yeyote mwezi ule. Kupiga simu ni shilingi chache. Na akipiga, pengine jina hatalipata.