Chagua Kadi Yenye Msaragambo

Mjukuu wangu,

Mama yako ameniambia fedha ya tangawizi ya kule Mamba imetengwa kwa ajili ya laptopu yako, na kwamba unataka kutumia mfumo wa Linux. Nimefurahi. Kabla hujapanda basi kwenda Kariakoo, nikuusie jambo ambalo wauzaji hawalitaji: kadi ya michoro na draiva yake, yaani programu inayoiendesha.

Ndiva, bwawa letu la kumwagilia, unaijua, kama ile ya Manoo kule Bangalala. Maji hukusanyika usiku, yakafunguliwa mchana kwenda mashambani. Ikivuja, msaragambo huitishwa, kila nyumba ikatoa mtu na jembe, na kwa kuwa ujenzi wake si siri ya mtu mmoja, huzibwa. Draiva ya wazi ni ndiva hiyo. Msimbo wake husomwa na yeyote, na kasoro yake hurekebishwa na wengi.

Draiva za kadi za Intel zimo ndani ya kiini cha Linux miaka mingi sasa. AMD nao waliingiza ya kwao, amdgpu, mwaka 2015. Ndiyo maana ukiweka Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, kwa kawaida kadi hizo hufanya kazi papo hapo, bila kumaliza bando kupakua draiva.

NVIDIA walishika njia nyingine. Kwa miaka mingi draiva yao kamili ilifungwa, na waliotaka ya wazi wakalazimika kuichunguza kadi yenyewe hadi wakaunda Nouveau. Mwaka 2012, huko Finland, Linus Torvalds, mwasisi wa Linux, aliwakemea hadharani. Mei 2022 walifungua ile sehemu ya draiva inayokaa kwenye kiini, kwa kadi za kizazi cha Turing cha mwaka 2018 na zilizofuata. Ni hatua njema, lakini laptopu nyingi za mtumba zina kadi za kabla ya hapo. Draiva mpya huziacha nyuma. Siku moja unasasisha mfumo, kioo kinabaki cheusi, na hakuna wa kumwitia msaragambo.

Sikukatazi. Ukisomea akili mnemba, au ukitengeneza filamu kwa Blender, huenda NVIDIA ikakufaa kuliko zote. Basi tafuta ya Turing au mpya zaidi. Ila kwa kuandika programu na kusoma, michoro iliyomo ndani ya prosesa ya Intel au AMD inatosha. Tena umeme ukikatika chaji itakaa, kwani laptopu yenye kadi ya NVIDIA juu ya hiyo hula betri haraka.

Nenda na flashi yenye Ubuntu. Iwashe laptopu kwa flashi hiyo kabla ya kulipa, kisha andika lspci -k. Utaona jina la kadi na draiva inayoiendesha. Cheza video. Punguza mwanga wa kioo. Funga mfuniko, ufungue, uone kama inaamka vizuri. Muuzaji akikukatalia kujaribu, muage kwa heshima uende duka jingine.

Nawe ukikuta hitilafu, iandike vizuri uwafikishie wanaoitunza draiva hiyo. Kwetu, anayemwagilia kwa maji ya ndiva haoni aibu kushika jembe siku ya msaragambo. Aibu ni kukosekana.

Mungu akutangulie.

Babu yako, Same