Somo la 9: Asiye na Mtu

SABATO ALASIRI

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Yeremia 38:1–13, 39:15–18, Yohana 5:1–9, Kutoka 23:8, Marko 7:9–13, Luka 13:10–17, 2 Samweli 19:31–39.

Fungu la Kukariri: Mithali 31:8, 9.

Ilikuwa Ijumaa usiku, Sabato imekwisha kuingia. Bajaji ilisimama mbele ya hospitali moja jijini Dar es Salaam, na ndani yake alikuwamo bibi wa miaka 78 pamoja na mjukuu wake, binti anayeuza vitenge Kariakoo. Jioni bibi alimeza dawa yake ya sukari kama kawaida, ila chakula kilimshinda. Alikunywa chai ya rangi tu, tena haina sukari. Ilipofika saa tano akaanza kutokwa jasho na kusema maneno yasiyoeleweka. Mjukuu wake alimwita kwa jina la dada yake aliyefariki zamani.

Mapokezi waliambiwa wakae kwenye benchi. Mhudumu mmoja alipita, akamtazama bibi, akasema huo ni uzee, wasubiri daktari wa asubuhi. Kisha wakaletwa majeruhi wa bodaboda na kila mtu akakimbilia huko.

Binti alijua jambo moja ambalo mle ndani hakuna mwingine aliyelijua. Saa kumi jioni ya siku ile ile, alipofunga kibanda mapema kwa maandalio ya Sabato, bibi alimhesabia mauzo yake na kumwonesha kosa la shilingi mia tano.

Juma hili tunajifunza wajibu wa kusema kwa ajili ya mtu ambaye wakati huo hawezi kujisemea.

JUMAPILI
Kando ya Birika

Soma Yohana 5:1–9. Yule mgonjwa alipoulizwa kama anataka kuwa mzima, alijibu nini?

Hakujibu ndiyo wala hapana. Alieleza kwamba hana mtu wa kumtia birikani, na kwamba kila anapojaribu mwingine humtangulia. Miaka 38 ya ugonjwa, na msaada ulikuwa karibu kiasi cha kuonekana kwa macho.

Wengi wetu tumekaa kwenye benchi la hospitali na tunaielewa hali hiyo. Tiba ya dharura kama fani bado ni changa nchini mwetu. Idara ya kwanza kamili ilifunguliwa katika Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2010. Utaratibu wake ni kumhudumia kwanza aliye katika hatari zaidi, hata kama amefika wa mwisho. Ni utaratibu wa haki. Lakini unategemea hatari ionekane, na mzee mara nyingi haonekani kuwa hatarini. Anaweza kuwa na maambukizi makali bila homa. Anaweza kupata shambulio la moyo bila maumivu ya kifua. Aliyepasuka kichwa damu yake inamsemea. Aliyechanganyikiwa ghafla husemewa na mvi zake, nazo husema uongo.

JUMATATU
Matambara ya Ebedmeleki

Soma Yeremia 38:1–13. Orodhesha kila hatua aliyochukua Ebedmeleki tangu aliposikia habari mpaka Yeremia alipotoka shimoni.

Nabii alitupwa katika shimo lenye matope, lisilo na maji. Wakuu waliomtupa walikuwa na kibali cha mfalme mwenyewe, kwa maana Sedekia alikuwa amekwisha kusema kwamba hana uwezo wa kuwazuia. Tena mji ulikuwa umezingirwa na chakula kinakwisha. Katika hali kama hiyo, ni nani atakayejishughulisha na mfungwa mmoja?

Aliyejishughulisha alikuwa mgeni, Mkushi, mtumishi wa nyumba ya mfalme. Tazama alivyofanya. Hakubaki jikoni akilalamika na watumishi wenzake. Alimfuata mwenye mamlaka mahali alipokuwa, yaani katika lango la Benyamini, mbele za watu. Maneno yake yalikuwa machache: alitaja waliotenda, alichotendewa Yeremia, na kitakachotokea kama hakuna atakayechukua hatua, kwamba atakufa kwa njaa. Hakumlaumu mfalme kwa kibali alichokitoa, ingawa alikuwa na sababu ya kumlaumu. Alimpa nafasi ya kutengeneza, naye mfalme akampa watu thelathini.

Hapo wengi tungeona kazi imekwisha, tumeshapata ruhusa. Yeye alikwenda kwanza chini ya hazina, akatafuta nguo kuukuu na matambara, akayateremsha kwa kamba, na kumwelekeza Yeremia ayaweke kwapani ili kamba zisimchubue. Roho Mtakatifu aliona vema matambara hayo yaandikwe. Mtu aliyekabiliana na mfalme ndiye huyo huyo aliyefikiria ngozi ya mzee.

Soma pia Yeremia 39:15–18. Mungu alimwambia nini mtu huyu, na alimsifu kwa jambo gani? Angalia kwamba hatajwi ushujaa; linatajwa tumaini lake kwa Bwana. Alikuwa akiwaogopa watu fulani, nasi tunaambiwa hivyo waziwazi. Alikwenda langoni akiwa na hofu yake.

JUMANNE
“Sista, Naomba Dakika Moja”

Turudi kwenye benchi. Binti aliomba kimoyomoyo, kisha akamfuata muuguzi wa zamu. “Shikamoo sista. Naomba dakika moja tu. Bibi yangu leo saa kumi alikuwa na akili timamu, ametuhesabia hela. Amemeza dawa hii ya sukari, chakula hakula. Amebadilika tangu saa tano, anatoka jasho. Naomba apimwe sukari sasa hivi.” Akamwonesha pakiti ya dawa.

Muuguzi alikuwa amechoka, anahudumia chumba kizima akiwa na msaidizi mmoja. Lakini maneno yale yalikuwa ya kitabibu, ingawa msemaji ni muuza vitenge. Alimchoma bibi kidoleni na kipimo kikasoma 1.9. Kwa kiwango hicho mtu anaweza kupoteza fahamu, kupata degedege, hata kufa. Akawekewa dripu ya sukari, na baada ya muda mfupi bibi akafumbua macho akauliza kwa nini wamemvua kilemba chake.

Wapendwa, wengi wangefunga shuhuda hapo kwa aleluya. Alfajiri daktari mmoja alisema bibi amepona, waende nyumbani wakapishe kitanda. Binti akauliza swali la pili: “Dokta, dawa hii haiwezi kuishusha sukari tena?” Swali zuri. Baadhi ya vidonge vya sukari hukaa mwilini muda mrefu, hasa kwa mzee ambaye figo zake zimedhoofika, na sukari huweza kushuka mara ya pili baada ya dripu kwisha. Daktari alifikiri, akaandika alazwe na apimwe kila baada ya muda. Saa tatu asubuhi ilishuka tena. Ingewakuta ndani ya daladala.

Je, ungeweza leo kueleza kwa sentensi nne hali ya kawaida ya mzazi wako: anakumbukaje, anatembeaje, anameza dawa zipi, na ana mzio wa nini?

JUMATANO
Chai na Kelele

Usiku ule mjomba alipiga simu na shauri: “Mpe huyo nesi chochote, mambo yatakwenda.” Ni ushauri wa kawaida mjini, na unauma kwa sababu anayeuotoa anampenda mgonjwa. Soma Kutoka 23:8. Rushwa inamfanyia nini mtu anayeona vizuri? Na nani anasukumwa nyuma wakati wetu anaposogezwa mbele? Mwenzake wa benchi pia ana bibi.

Njia ya pili ni kelele na matusi. Hii nayo tusiipambe kwa jina la ujasiri. Muuguzi aliyetukanwa huandika haraka na kuondoka haraka.

Ipo njia ya Ebedmeleki, ya kwenda langoni. Sera ya Taifa ya Afya ya mwaka 2007 inatambua kwamba wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo watibiwe bila malipo. Hospitali za umma zina dirisha la wazee, na afisa ustawi wa jamii ndiye hushughulikia msamaha wa gharama. Juu ya muuguzi wa zamu yupo mkuu wa wodi, na juu yao mganga mfawidhi. Anayedaiwa rushwa ana namba ya TAKUKURU, 113, isiyo na malipo. Darasa lenu linaweza kumsaidia kila mzee wa kanisa kupata kitambulisho chake kabla hajaugua, maana usiku wa manane si wakati wa kutafuta barua ya serikali ya mtaa.

ALHAMISI
Sabato Wodini

Binti hakuonekana kanisani Sabato ile. Mtu mmoja alimwambia baadaye kwamba angewaachia manesi kazi yao, aje kwa ibada na kumwombea bibi kutoka huko.

Soma Marko 7:9–13 na Luka 13:10–17. Katika kila kisa, ni jambo gani la kidini lilitumika kumkwepa mtu mwenye shida?

Korbani lilikuwa neno takatifu, na lilimwacha baba na mama bila msaada. Yule mwanamke aliyepinda mgongo alikuwa na haki, kwa hoja ya Yesu, sawa na ng'ombe anayefunguliwa aende kunywa maji siku ya Sabato. Bwana hakuihafifisha Sabato pale sinagogi. Aliitumia kwa kazi yake. Kwa upande mwingine, tusijidanganye. Yapo majuma ambayo “nipo hospitali” ni jina la mambo mengine. Kila mmoja anajijua.

IJUMAA
Kwa Kujifunza Zaidi

Soma 2 Samweli 19:31–39. Barzilai alikuwa na miaka 80. Mfalme Daudi alimpangia maisha mazuri Yerusalemu, kwa nia njema, naye akakataa na kutoa sababu zake. Daudi alimsikiliza, akambusu, akamwacha arudi kwao. Kumsemea mzee huanza kwa kumuuliza. Bibi yetu alipopata nafuu alilalamika jambo moja tu: siku nzima watu walikuwa wakizungumza juu ya kichwa chake, “anakula?”, “amelala?”, kana kwamba hayupo.

Maswali ya Kujadili:

1. Wapo miongoni mwetu wauguzi na matabibu. Waombeni walieleze darasa, bila kujitetea na bila kulaumiwa, ni maneno gani ya ndugu wa mgonjwa huwasaidia usiku wa zamu, na yapi huwazuia.

2. Mzee akisema kwa akili timamu kwamba hataki kupelekwa tena hospitali, watoto wafanye nini? Linganisheni na Barzilai.

3. Tajeni kwa majina wazee wa kanisa lenu wanaoishi peke yao. Wakizidiwa usiku wa leo, nani atakaa nao kwenye benchi?