Ukingo wa Dari: Faida ya Mmoja na Pumzi ya Mwingine

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Kumb. 22:8, Kut. 21:28–34, Yak. 5:4, Eze. 34:17–19, Mk. 5:1–20, Law. 5:7–11, Eze. 47:1–12.

Fungu la kukariri: Kumbukumbu la Torati 22:8. Kikundi kilisome kwa sauti kila siku juma hili, kila mmoja katika Biblia yake.

Mikorosho inapoanza kutoa maua katika mkoa wa Mtwara, alfajiri hujaa ngurumo za mashine za kupulizia. Vumbi la njano la salfa hupanda juu ya matawi kupambana na ubwiriunga, ugonjwa unaokausha maua kabla hayajafunga korosho. Ni kazi halali. Ada za shule, mabati ya nyumba, hata zaka na sadaka za makanisa mengi ya kusini hutokana na zao hili.

Lakini vumbi lile haliishii kwenye maua. Sehemu yake huingia kifuani mwa kijana aliyebeba mashine, nyingine huvuka mpaka wa shamba hadi kisimani na jikoni kwa jirani. Mwenye shamba atahesabu faida yake mnadani. Kifua cha kijana hakimo katika hesabu hiyo.

Juma hili linachunguza swali moja: biashara inapomletea mtu mmoja faida na mwingine ugonjwa, Mungu anaandika deni kwa jina la nani?

JUMAPILI: Sheria ya Mwenye Nyumba

*Soma Kumbukumbu la Torati 22:8. Nani anaagizwa kujenga ukingo, na kwa ajili ya usalama wa nani?*

Nyumba za Israeli zilikuwa na dari la bapa ambalo watu walilitumia kila siku. Rahabu alianika kitani juu ya dari (Yos. 2:6), na Petro alipanda darini kuomba (Mdo. 10:9). Watoto walicheza huko na wageni walilala huko. Kwa hiyo Mungu aliagiza kila ajengaye nyumba mpya azungushe ukingo, asije mtu akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba ile.

Mambo matatu yanaonekana katika agizo hili fupi. Kwanza, wajibu ni wa mwenye nyumba. Sheria haikuridhika kumwambia mgeni awe mwangalifu. Pili, ukingo hujengwa pamoja na nyumba, kabla hajaanguka mtu. Gharama yake ni sehemu ya gharama ya nyumba, kama mlango na nguzo. Tatu, kutokukusudia mabaya hakumwondolei mtu deni. Mwenye dari lisilo na ukingo hakumsukuma mtu yeyote, lakini damu imehesabiwa kwake.

Kutoka 21:33, 34 inafuata njia hiyo hiyo: aliyechimba shimo akaliacha wazi humlipa mwenye mnyama aliyetumbukia. Na Kutoka 21:29 inaongeza uzito: ng'ombe akijulikana kuwa mkali, na mwenyewe ameonywa, naye asimzuie, hatia ni kubwa zaidi. Kujua huongeza deni.

Tafakari: Katika shughuli yako ya kila siku, shamba, duka, chombo au gari, "dari" liko wapi? Ni nani hupita juu yake?

JUMATATU: Vumbi la Njano

*Soma 1 Wakorintho 6:19, 20 na 3 Yohana 2. Mafungu haya yanabadilishaje namna Mkristo anavyoutazama mwili wa kibarua wake?*

Salfa imesaidia sana kusini. Uzalishaji wa korosho Tanzania ulifika takriban tani 145,000 katika msimu wa 1973/74, ukashuka hadi chini ya tani 20,000 katikati ya miaka ya 1980. Ubwiriunga ulikuwa miongoni mwa sababu, pamoja na bei mbaya na mashamba yaliyoachwa wakati watu walipohamishiwa vijijini. Utafiti uliofanyika Naliendele, karibu na mji wa Mtwara, uliwasaidia wakulima kuikinga mikorosho, na salfa ikawa dawa kuu.

Hata hivyo dawa ya mti si dawa ya mapafu. Vumbi la salfa huwasha macho, hukereketa koo na kubana kifua, na mwenye pumu huumia zaidi. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii vumbi laini kama barakoa iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Udongo nao huathirika: salfa ikirudiwa mwaka hata mwaka huongeza tindikali, hasa katika udongo wa kichanga.

Ukingo wa dari hili unajulikana: kupulizia alfajiri, upepo ukiwa umetulia na umande ungali kwenye majani, kutopita kipimo, barakoa na miwani kwa anayebeba mashine, maji na sabuni kabla hajashika chakula, kuwaarifu majirani wafunike visima. Mfuko wa salfa haufai kuwekea unga, wala kopo la dawa halifai kuchotea maji, hata likioshwa mara saba.

Kijana anayekodiwa kupulizia hawezi kudai mengi. Akikataa, yupo mwingine nyuma yake. Ndiyo maana Mungu hakumwachia yeye ajenge ukingo.

Tafakari: Mwenye shamba akisema, "Mwenyewe amekubali kufanya kazi bila barakoa," je, Kumbukumbu 22:8 inalipokea jibu hilo?

JUMANNE: Mikono ya Wabanguaji

*Soma Yakobo 5:1–6. Ni nini kinacholia, na kilio hicho kinamfikia nani?*

Ndani ya ganda la korosho kuna mafuta makali yanayounguza ngozi. Viwandani mafuta hayo hukamuliwa na kuuzwa kwa kutengenezea rangi na breki za magari. Mtu anayeyagusa siku nzima hutoka malengelenge, vidole vikaweusi na ngozi ikachunika. Ganda likikaangwa kwenye karai la wazi, moshi wake huchoma macho na kifua. Wanawake wengi wanaobangua kwa mkono hujipaka majivu au mafuta ya kula, kisha huendelea.

Mtu atauliza, mbona glavu zipo na wengine huzivua? Jibu liko katika malipo. Anayelipwa kwa kilo huona glavu zinamchelewesha. Kila kiini kinachompotea ni kitoweo cha jioni kinachopungua. Ameuza ngozi yake kidogo kidogo ili watoto wale. Hapo kugawa glavu peke yake hakutoshi. Ukingo wa kweli unaanzia kwenye bei ya kilo: iwe bei inayomwezesha mtu kufanya kazi na glavu mikononi na bado akapata riziki yake.

Yakobo anasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele. Ujira unaweza kuzuiliwa kwa kutolipwa, na pia kwa kulipwa kidogo kiasi kwamba mfanyakazi anajazia pengo kwa afya yake. Bwana wa majeshi husikia vilio vyote viwili.

JUMATANO: Maji Yaliyovurugwa kwa Miguu

*Soma Ezekieli 34:17–19. Kosa la kondoo wanono ni lipi, ikiwa malisho na maji yalikuwa ya wote?*

Kondoo wale hawakulaumiwa kwa kunywa. Walilaumiwa kwa sababu, baada ya kunywa, waliyavuruga maji yaliyobaki, na wenzao wakalazimika kunywa matope.

Mto Ruvuma unaingia Bahari ya Hindi kwenye mpaka wa Tanzania na Msumbiji, kati ya mikoko mingi. Mwaka 2000 eneo hilo, pamoja na Ghuba ya Mnazi, lilitangazwa kuwa Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, chini ya sheria ya mwaka 1994. Ndani yake kuna vijiji, wavuvi, na akina mama wanaotafuta pweza miambani maji yanapokupwa.

Kwa miaka mingi pwani hii imejeruhiwa na uvuvi wa baruti. Mlipuko mmoja hutoa samaki wa kuuza siku ile, huua na wadogo wasio na soko, na hupasua matumbawe yanayochukua miaka mingi kukua tena. Wapo wavuvi waliopoteza mikono. Lakini aliyepoteza zaidi ni mtoto ambaye hajawahi kupanda mtumbwi: sahani yake imekosa samaki kwa sababu mtu mwingine alikula mbegu.

Mikoko nayo ni malezi ya kamba na samaki wachanga, tena hupunguza nguvu ya mawimbi. Tarehe 25 Aprili 2019 Kimbunga Kenneth kilipopiga Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma, wakazi wa Mtwara walikumbuka jinsi bahari inavyoweza kuja. Anayekata mikoko ili auze kuni au afungue mashamba ya chumvi anabomoa ukingo ambao Muumba mwenyewe aliujenga kuzunguka dari la pwani.

ALHAMISI: Hesabu ya Nguruwe

*Soma Marko 5:1–20. Kwa nini watu walimwomba Yesu aondoke, hali wamemwona mgonjwa wao amepona?*

Mtu aliyeishi makaburini alikuwa ameketi, amevaa nguo, ana akili zake. Kando ya hapo kulikuwa na hasara ya nguruwe wapata 2,000. Watu wa nchi ile walipima mizani hizo mbili wakachagua. Afya ya mtu mmoja iliwaonekea ghali mno.

Hoja yao haijafa. Husemwa kwamba barakoa ni ghali, kwamba bei ya korosho haitabiriki, kwamba jirani naye hafanyi hivyo. Hoja hiyo isidharauliwe, kwa maana mkulima wa ekari mbili si tajiri na msimu mbaya humwacha na madeni. Biblia yenyewe inajua tofauti hiyo. Katika Walawi 5:7–11 asiyeweza mwana-kondoo alileta hua wawili, na asiyeweza hua alileta unga. Sadaka ilipungua kwa kadiri ya uwezo, lakini hakuna aliyeambiwa asilete kitu.

Vivyo hivyo ukingo. Kiwanda kinadaiwa mitambo ya kuvuta moshi na vumbi, na matibabu ya wafanyakazi wake. Mkulima mdogo anadaiwa barakoa, maji, sabuni na saa sahihi ya kupulizia. Wanachama wa chama cha msingi wanaweza kununua vifaa kwa pamoja na kuazimana. Uwezo hutofautiana, lakini kila mwenye dari anadaiwa ukingo.

Tafakari: Ni gharama gani ya usalama ambayo umeihesabu kuwa hasara, wakati Mungu anaihesabu kuwa sehemu ya nyumba?

IJUMAA: Kwa Kujifunza Zaidi

Soma Ezekieli 47:1–12. Nabii anaona mto ukitoka hekaluni, na kila unakofika, maji ya chumvi yanaponywa, samaki wanaongezeka, wavuvi wanatandaza nyavu, na majani ya miti yanakuwa dawa. Afya ya maji, riziki ya mvuvi na uponyaji wa mgonjwa vinatoka katika chemchemi moja. Wenyeji wa Ruvuma wanalielewa ono hilo bila kuelezwa sana.

Ellen White, katika *Huduma ya Uponyaji* (1905), anaiweka hewa safi miongoni mwa tiba za kweli, pamoja na maji, jua, pumziko na kumtumaini Mungu. Waadventista huzifundisha tiba hizi kila mara. Basi anayeifundisha hewa safi siku ya Sabato asiichafue hewa ya jirani siku ya Jumapili.

Maswali ya Kujadili:

1. Mshiriki wa kanisa ananunua samaki kwa bei nafuu, naye anajua wamevuliwa kwa baruti. Yeye hakulipua kitu. Tumieni Kutoka 21:29 kujadili sehemu yake katika kosa hilo.

2. Katika kikundi chenu, nani anakodi vibarua na nani anakodiwa? Wanaokodiwa wapewe nafasi ya kusema kwanza: wangependa kuwekewa ukingo gani?

3. Chagueni jambo moja ambalo kikundi kinaweza kulitimiza kabla ya msimu ujao wa kupulizia, kama kununua barakoa za pamoja. Amueni nani atashika fedha, na lini mtatoa taarifa kanisani.

4. Ikiwa mwajiri ni mkubwa kuliko kijiji, wanakijiji wafanye nini kwa njia ya haki na ya amani? Linganisheni na Mithali 31:8, 9.