Aache Kwanza

Mama ana majina mawili ya ndugu yangu mdogo. Kwenye maombi ya Jumatano humwita "kijana wangu anayesumbuliwa na mawazo", na akina mama wenzake wanamshika mkono. Siku mtungi wa gesi ulipotoweka jikoni alisema tu, "Huyu teja," akajifungia chumbani. Siku hiyo hakuna aliyekuja kumshika mkono.

Kijana ni mmoja. Nyumba pia ni moja, hapa Nkoroi, ukishuka matatu Magadi Road unatembea kama dakika kumi. Nimeishi na majina hayo miaka miwili sasa, na naamini ndiyo yaliyokaribia kumuua.

Akiwa kidato cha tatu alianza kulala likizo nzima. Haogi, hali, ukimwita anageukia ukuta. Hatukuwa na jina la hali ile. Sonona ni neno la redioni. Nyumbani tulisema anajifanya. Miaka mitatu baadaye akaenda Mombasa kutafuta kazi, na huko akakutana na unga. Aliniambia kwamba mara ya kwanza hakusikia raha yoyote kubwa. Alisikia tu kwamba kile kitu kizito kimeshuka kifuani.

Naelewa kwa nini. Heroini hukaa mahali palepale kwenye ubongo ambapo mwili huweka vitulizo vyake wenyewe vya maumivu. Lakini mwili huzoea. Kete iliyokuwa ikileta utulivu inabaki ya kuzuia arosto tu, na huzuni ya zamani inarudi na riba.

Aliporudi nyumbani tulimpeleka kwa daktari kwa ajili ya yale mawazo. Daktari akamuuliza kama anatumia kitu. Akajibu ukweli, jambo ambalo kwake lilikuwa geni. "Aache kwanza, halafu mrudi," tukaambiwa. Tukachangishana kwenye grupu ya WhatsApp ya familia, tukamlipia miezi mitatu kwenye nyumba moja ya kurekebisha waraibu. Huko walimvusha arosto, wakampa ratiba na maombi. Nilipouliza kuhusu mawazo, wakasema yataisha akishaacha.

Niwe wa haki: "aache kwanza" si upuuzi mtupu. Unga wenyewe huleta huzuni, na kuuacha huleta huzuni zaidi na kukosa usingizi. Kwa baadhi ya watu hali hiyo hupungua ndani ya wiki chache, kwa hiyo daktari anayekimbilia vidonge anaweza kutibu kitu kilichokuwa kinaondoka chenyewe. Sawa. Lakini unaweza kusubiri ukiwa na mgonjwa mbele yako, unampima, unamuuliza wiki hii umelalaje. Sisi tulisubirishwa nje ya mlango.

Alitoka Ijumaa. Jumapili nilimkuta sakafuni bafuni, midomo imekuwa ya kijivu. Hakuna aliyekuwa ametuambia kwamba baada ya miezi mitatu bila unga mwili husahau uzoefu wake, na kipimo cha zamani kinaweza kuua. Jirani mwenye gari ndiye aliyetuokoa. Alipozinduka nilimuuliza swali la kijinga: kwa nini, na ulikuwa umeacha? "Sikuwa natafuta stimu," akasema. "Nilitaka kichwa kinyamaze."

Chuoni nilisoma Aristotle, na usiku ule hospitalini mfano wake mmoja ulinirudia. Anasema mtu aliyejiletea ugonjwa kwa kuishi ovyo hawezi kupona kwa kutaka tu, kama vile aliyerusha jiwe asivyoweza kulirudisha mkononi; lakini lawama ni yake, maana kurusha kulikuwa hiari yake. Ukiangalia vizuri, hiyo ndiyo "amejitakia" ya mtaani kwetu, imevaa suti. Na siwezi kuitupa yote. Ndugu yangu alichagua, akadanganya, akaiba. Ila huyo mrusha jiwe wa Aristotle alikuwa mzima aliporusha. Mimi namkumbuka kijana wa miaka 16 akitazama ukuta, kabla hajaujua unga. Wa kwangu alirusha akiwa tayari mgonjwa, na sijui falsafa gani inaweza kunipimia hapo kwa gramu lawama ni kiasi gani.

Serikali nayo ina majina yake mawili. Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimfanya mhalifu mtu aliyejaribu kujiua, mpaka Januari 2025 Mahakama Kuu ilipoamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Mwenye huzuni ametoka kizimbani. Mwenye unga mfukoni, hata wa kutumia mwenyewe, bado yumo, chini ya sheria ya 1994. Ndugu yangu ni wote wawili.

Sasa anakunywa methadoni. Muhimbili, Dar es Salaam, walianza kuitoa 2011, na Kenya ikaanza Mathari Desemba 2014. Mjomba anasema ni kubadilisha dawa kwa dawa, na kusema kweli hakosei: methadoni ni ya ukoo uleule. Lakini anaimeza mara moja kwa siku mbele ya muuguzi, inamshikilia mpaka kesho yake, haimleweshi, na arosto haiji. Anapata siku nzima. Ndani ya siku hiyo ndiyo anakaa na mshauri na kuzungumza juu ya ule ukuta, kitu ambacho mtu anayetetemeka hawezi.

Na dawa yake ya sonona inaandikwa na watu walewale wanaompa methadoni. Nilidhani huo ni urahisi wa ofisi tu, mpaka muuguzi aliponieleza. Methadoni inaweza kuvuruga mapigo ya moyo, na baadhi ya dawa za sonona nazo hufanya hivyo. Vidonge vingine vya usingizi vikikutana nayo, pumzi inapungua hadi kukatika. Madaktari wawili wazuri wasiozungumza wangeweza kummaliza kila mmoja akiwa na nia njema.

Si hadithi tamu. Kliniki iko upande wa pili wa Nairobi, kwa hiyo anatoka bado giza, matatu mbili kwenda, mbili kurudi, kila siku, hata Krismasi. Amepoteza kibarua cha mjengo kwa kuchelewa. Kuna asubuhi hataki kuamka, nami sijui kama ni sonona au ni uchovu wa kawaida wa mtu yeyote. Siku hizi siulizi. Namwekea chai, naketi kitandani kwake mpaka avae viatu.

Gesi hajalipa. Wiki iliyopita nilimkumbusha kwamba bado namdai mtungi wa kilo 13, ukiwa umejaa. Akasema anajua, nimpe mpaka mwisho wa mwezi.