Siku Zisizo na Jina

Kalenda nyingi za hapa kwetu huzichapa sikukuu kwa wino mwekundu na siku za kazi kwa wino mweusi. Ukizihesabu zile nyekundu, ukaziacha Jumapili, hazifiki 20 kwa mwaka. Zilizobaki hazina jina. Ni siku za kupalilia, kusahihisha madaftari, kungoja basi na kuteka maji. Swali ninalopenda tulitafakari, ndugu msomaji, ni hili: maana ya maisha ya mtu hukaa wapi? Imo katika zile siku chache, au katika hizi nyingi tunazotamani zipite upesi?

Aghalabu watu hulijibu swali hili kwa matendo kabla ya kulijibu kwa maneno. Wapo wanaoishi wakingojea. Husema watapumzika Krismasi, watafurahi Idi, watawaona wazazi Pasaka. Sikukuu ikifika, mfuko umetoboka, watoto wanadai viatu, nayo siku inapita kama gari lisilosimama kituoni. Siwalaumu. Nadhani tu wamesahau sikukuu hutengenezewa wapi.

Tuchukue 9 Desemba 1961. Tunaikumbuka kwa bendera na kwa mwenge uliowashwa kileleni Kilimanjaro na Alexander Nyirenda, afisa wa jeshi. Lakini mlima ule haupandwi kwa usiku mmoja. Mtu hutembea siku kadhaa, hatua kwa hatua, kifua kikimbana. Uhuru wenyewe ulipandwa vivyo hivyo. Kulikuwa na watu 17 waliokutana Dar es Salaam tarehe 7 Julai 1954 wakaunda TANU. Kulikuwa na mwalimu wa Pugu aliyeacha kazi ya kufundisha mwaka 1955, mke na watoto wakimtegemea. Kulikuwa na Bibi Titi Mohamed na wenzake waliokwenda kuwashawishi wanawake wakate kadi. Siku zile hazikuwa nyekundu katika kalenda ya mtu yeyote. Zilikuwa na jua, vumbi na mashaka ya nauli.

Hiyo 7 Julai ilikuja kuwa nyekundu baadaye. Leo ukimwuliza mtoto wa mjini Sabasaba ni nini, atakwambia ni maonyesho ya biashara, na nusu ya maelezo yake yatakuwa aiskrimu. Wazee wenzangu huumizwa na jibu hilo. Mimi siumii sana. Siku ni kama nyumba. Mpangaji akihama, mwingine huingia. Ila mtoto ana haki ya kuambiwa nani aliijenga, na kazi ya kumwambia ni yetu, haiwezi kuachiwa redio.

Mwaka 2015 Rais Magufuli alifuta sherehe za Uhuru, akaagiza wananchi washike mafagio siku hiyo, kwani kipindupindu kilikuwa kikiua watu. Mwaka 2022 Rais Samia naye aliziahirisha, fedha zikaelekezwa kujenga mabweni ya wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Yalizuka mabishano ya barazani, wengine wakisema taifa lisilocheza ngoma siku yake litasahau jina lake. Sikubaliani nao kabisa, wala siwapuuzi. Gwaride lina elimu yake. Hata hivyo, mtaro uliozibuliwa na kitanda cha mtoto asiyeona ni kumbukumbu ya Uhuru inayodumu hadi Desemba nyingine.

Hapo ndipo napaona penye kiini. Furaha na maana si kitu kimoja. Kule Songea, kila Februari watu hukusanyika kuwakumbuka wapiganaji wa Majimaji walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Hakuna aendaye pale kuchekelea, lakini huondoka akiwa amesimama wima zaidi. Tarehe 14 Oktoba nayo tunaikumbuka kwa kifo cha mwaka 1999. Mtu akinihimiza nione uzuri katika kila jambo, namwona kama mganga asiyeuliza ugonjwa. Yapo mambo mabaya, na yabaki na jina lake.

Baada ya vita vya Kagera tuliishi miaka ya foleni. Sukari ilikuwa adimu, sabuni adimu zaidi. Krismasi moja ya miaka hiyo, jirani yetu Mwislamu alimtuma bintiye kwetu na kikombe cha sukari kilichofunikwa kwa sahani. Kilikuwa nusu ya mgawo wao. Mke wangu alikipima kwa macho, akaondoa vijiko vichache vya chai yetu, vingine akavitia katika maandazi, na maandazi yenyewe mengi yakarudi kule kilikotoka kikombe. Siikumbuki mahubiri ya siku ile. Nakumbuka mlio wa sahani juu ya kikombe.

Wahenga walisema siku njema huonekana asubuhi. Niwie radhi, msomaji, lakini miaka ya chuoni ilinifundisha kuitilia shaka methali hiyo. Nimeona asubuhi nyingi zisizo na dalili: mvua, chaki imekwisha, mwanachuo anatetemeka mbele ya darasa lake la kwanza la mazoezi. Saa tano mtoto wa nyuma kabisa anainua mkono na kujibu, na yule anayetetemeka anageuka mwalimu mbele ya macho yako. Hakuna aliyeiandika tarehe hiyo.

Kuna mtu mmoja hoja yangu haimfikii, nami sitaki kumdanganya. Ni kijana asiye na kazi. Kwake wino mwekundu na mweusi ni mamoja, na kumwambia ahesabu baraka zake ni ukatili uliovaa kanzu. Huyo kwanza apewe jembe, au cherehani, au mkopo usiomnyonga. Falsafa itamkuta akirudi jioni amechoka.

Nami tangu nistaafu nilikaribia kuwa kama yeye, maana kila siku ilikuwa Jumapili. Nikajipangia. Jumanne nawasomesha hesabu watoto wa mtaani, saba au wanane, chini ya mwembe. Alhamisi nakwenda kumsomea gazeti rafiki yangu ambaye macho yamemwisha. Yeye hutaka kwanza matangazo ya vifo, kisha mpira, kisha siasa, na mpangilio huo haruhusu niubadilishe.